Kisima cha Baharia: Kiu ya 1792 na Kifungu cha Tano cha Sayyid Said

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya chombo kupata ajali. Chombo hupanda fungu kikakwama, hupigwa na mwamba kikapasuka, huenda mrama kikasukwasukwa, huzama. Shehena hutoswa ili kuokoa roho. Asiyebahatika hufa maji, na anayebahatika tunamwita manusura, neno lenye shina moja na nusura na kunusurika. Hii ni hazina ya watu walioishi na bahari mlangoni.

Lakini tazama, msomaji, msamiati huo unakomea wapi. Unakomea ufukweni. Mtu akishakanyaga mchanga, kwetu hadithi imekwisha: kaponea chupuchupu, tumshukuru Mungu. Ni nadra kuuliza swali linalofuata, yaani, akanywa nini? Hapa Jego, jirani na Vanga na mpaka wa Tanzania, swali hilo linaweza kuonekana la kipuuzi. Aliyetupwa na maji huku kwetu atapita mikoko, atakuta minazi, na kabla ya jua kuchwa atakuta mji. Ziko pwani nyingine za bahari hii hii ambako kufika nchi kavu ndiko kuanza kufa.

Leo nataka tuitazame ajali moja ya namna hiyo, iliyotokea pwani ya Oman mwaka 1792, na safari ya ajabu ambayo kumbukumbu ya ajali kama hizo ilifanya hadi ikaingia katika mkataba uliotuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki. Katika safari hiyo tutakutana na neno moja la Kiswahili, bedui, ambalo nadhani tumelionea.

Tarehe 10 Julai 1792, meli ya matanga iitwayo Commerce, ya Boston nchini Marekani, ilivunjika karibu na rasi ya Mirbat katika nchi ya Dhofar, kusini mwa Uarabuni. Nahodha wake alikuwa Samuel Johnson. Miongoni mwa mabaharia alikuwamo Daniel Saunders, kijana wa mji wa Salem, na Valentine Bagley, kijana wa mji mdogo wa Amesbury. Miji yote hiyo iko katika jimbo la Massachusetts. Saunders ndiye tunayemshukuru kwa kumbukumbu, kwani aliporudi kwao aliandika habari za mateso yao, na kitabu chake kikachapishwa Salem mwaka 1794.

Ukimtajia mzee yeyote wa bahari tarehe hiyo, hata kabla hujamaliza atatikisa kichwa. Julai! Julai ni katikati ya kusi, na kusi la Bahari ya Arabu si mchezo. Kaskazi huleta majahazi kwetu kuanzia mwishoni mwa mwaka, na kusi huyarudisha. Hata hivyo manahodha wa zamani hawakusafiri kusi lote. Walitweka mwanzoni mwake, kabla halijakaza, au walisubiri lipungue wakati wa demani. Katikati hapo, kuanzia Juni hadi Agosti, bandari za Dhofar na nyingi za kusini mwa Oman zilikuwa kama zimefungwa. Mawimbi yanakuwa makubwa, ukungu unaifunika pwani ya Dhofar, na mtu haoni rasi mpaka ameikaribia mno.

Kisha kulikuwa na tatizo la kujua uko wapi. Mabaharia wa karne hiyo waliweza kupima latitudo vizuri kwa jua na nyota. Longitudo ndiyo iliyowasumbua. Saa maalumu ya baharini, inayotunza wakati wa nyumbani ili nahodha aulinganishe na wakati wa pale alipo, ilikwisha kubuniwa Uingereza, lakini ilikuwa ghali na meli nyingi za biashara hazikuwa nayo. Nahodha alikisia kwa mwendo wa chombo, upepo na mkondo. Makisio yakikosea kwa siku nyingi mfululizo, ramani inasema una bahari tele mbele yako na kumbe mbele yako kuna mwamba. Wahenga walituambia tusisafirie nyota ya mwenzetu, na wageni hawa walikuwa katika bahari yenye nyota, pepo na majira ya wenyewe.

Basi chombo kikavunjika, na waliookoka wakajikuta ufukweni. Hapo tunaingia pale ambapo msamiati wetu huishia.

Dhofar yenyewe si jangwa tupu. Wakati wa kusi, milima ya nyuma ya Salalah na Mirbat hupata manyunyu ikawa kijani kibichi, jambo linalowashangaza wageni hadi leo. Ila ukiiacha milima hiyo ukafuata pwani kwenda kaskazini-mashariki, kijani kinakwisha. Kuna majabali makavu, kisha uwanda wa changarawe usio na mti wa kivuli, kisha mchanga. Kutoka Mirbat hadi Maskati ni zaidi ya kilomita 800 hata ukipima kwa mstari ulionyooka, na hakuna mguu wa binadamu unaokwenda kwa mstari ulionyooka katika pwani yenye ghuba na rasi. Maskati ndiko kulikokuwa na bandari kubwa, meli za Ulaya na India, na tumaini la kurudi nyumbani. Wakaamua kwenda Maskati, kwa miguu, mwezi wa saba.

Hebu tulitafakari neno kiu. Sisi hulitumia ovyo: kiu ya elimu, kiu ya mafanikio. Kiu ya mwilini ni jambo jingine. Mtu anayetembea juani katika joto kali hupoteza maji kwa lita, na asipoyarudisha siku mbili tatu zinatosha kummaliza. Ulimi unavimba, mate yanakauka, akili inaanza kuona visivyokuwepo. Kinachotesa zaidi ni kwamba bahari iko pale pale kushoto au kulia kwako, buluu, baridi, inakuita. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita. Figo za binadamu haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi nyingi kiasi hicho, kwa hiyo anayekunywa maji ya bahari hulazimika kutumia maji ya mwili wake mwenyewe kuitoa chumvi aliyoinywa. Anakunywa huku anakauka. Wavuvi wetu hawakuhitaji maabara kujua hilo. Ndiyo maana mtungi, na siku hizi dumu la maji, huingia chomboni kabla ya nyavu.

Wamarekani hawa hawakuwa na mtungi. Karibu hawakuwa na nguo pia, kwa sababu walikuwa wamekutana na wenyeji wa pwani ile, nao wakawavua walichokuwa nacho. Jua likawababua ngozi. Mchanga ukawaunguza nyayo. Mmoja baada ya mwingine wakaanza kubaki nyuma, na wenzao hawakuwa na nguvu ya kuwabeba wala maji ya kuwaachia. Waliofika Maskati walikuwa masalia ya kundi lililoanza safari.

Swali ambalo mwanahistoria hana budi kulijibu ni hili: hao waliofika, walifikaje? Haiwezekani mtu asiyeijua nchi, asiye na nguo wala kiriba cha maji, akavuka pwani kama ile kwa ushujaa wake tu. Jangwani maji hayaonekani kwa macho ya mgeni. Kisima ni shimo lililofunikwa, na anayelijua ni mwenye nchi. Jibu, basi, limo katika maelezo ya manusura wenyewe. Walipewa maji. Walipewa tende na samaki. Walioneshwa njia. Na waliofanya hayo walikuwa watu wa aina ile ile, na wa pwani ile ile, kama waliowavua nguo.

Sasa tulirudie lile neno. Katika Kiarabu, badawi ni mtu wa badia, yaani mkaaji wa nyika na jangwa anayehama na mifugo yake. Ni jina la namna ya kuishi. Lilipoingia Kiswahili likawa bedui, na hapo likapata sura nyingine. Mama akimgombeza mwanawe kwa kupiga wenziwe atamwambia, "Wee bedui!" Mtu katili ni bedui, mnyang'anyi ni bedui, asiye na haya wala adabu za mjini ni bedui. Neno lilikuja kwa njia ya bahari, katika vinywa vya watu wa mijini na bandarini ambao nao walikuwa na chuki zao dhidi ya watu wa bara, na sisi tukalipokea pamoja na chuki hiyo. Si ajabu, kwani sisi pia tumewahi kuwaita wenzetu wa nyuma ya pwani Wanyika kwa sauti isiyo ya heshima, na leo wenyewe wamelikataa jina hilo wakajiita Mijikenda.

Ukikisoma kisa cha 1792 ukiwa na maana hiyo moja tu kichwani, utaelewa nusu yake. Utaelewa waliovua nguo, na hutawaelewa waliotoa maji. Katika maisha ya jangwani mambo hayo mawili hayakupingana kama tunavyodhani. Mali iliyotupwa na bahari ilihesabiwa kuwa riziki iliyoletwa na Mungu, na anayeiwahi ndiye mwenyewe. Mtu mwenye kiu aliyefika penye hema lako alikuwa mgeni, na mgeni ana haki ambayo huwezi kuivunja ukabaki na jina. Mtu huyo huyo angeweza kuichukua kanzu yako ufukweni asubuhi na kukupa maziwa ya ngamia jioni ukifika kwake. Siwatetei wanyang'anyi, maana aliyekufa kwa jua kwa kukosa nguo amekufa. Ninachosema ni kwamba kulikuwa na sheria, ijapokuwa haikuandikwa, na waliookoka waliokolewa na sheria hiyo.

Na kabla hatujawacheka watu wa Dhofar kwa kuiona meli iliyovunjika kuwa riziki, tukumbuke kwamba Ulaya ilifanya vivyo hivyo kwa karne nyingi. Vitu vilivyotupwa na maji vilikuwa mali ya mfalme au ya bwana mwenye ufukwe. Uingereza, katika Sheria ya Westminster ya mwaka 1275, ilibidi itamke wazi kwamba ikiwa mtu, mbwa au paka ametoka mzima katika chombo, basi chombo hicho kisihesabiwe kuwa mali iliyopotea. Fikiria hapo: haki yako ya kudai shehena yako ilimtegemea paka!

Tuwarudie manusura wetu. Valentine Bagley alirudi Amesbury, akaendelea na ubaharia, na watu wakamjua kwa jina la Nahodha Bagley. Mji huo unasimulia kwamba kule jangwani, akiwa taabani kwa kiu, aliweka nadhiri: Mungu akinirudisha nyumbani nitachimba kisima kando ya njia, ili asipite mtu na kiu mbele ya mlango wangu. Kisima alikichimba. Hadi leo kinaoneshwa pale mjini kwa jina la Kisima cha Nahodha.

Karibu miaka mia moja baadaye, mshairi mashuhuri John Greenleaf Whittier, ambaye aliishi Amesbury na kuisikia habari hiyo tangu utotoni, aliitungia shairi. Lilitoka mwaka 1890 katika gazeti la New York Ledger, ambalo lilimlipa dola 1,000 kwa shairi hilo moja. Washairi wetu wanaotuma tungo magazetini bila kuambulia hata nauli wasome hapo wacheke kidogo.

Mtu wa lugha lazima hapa atenganishe tungo na ushahidi. Saunders aliandika muda mfupi baada ya tukio, akiwa ameliishi. Whittier alitunga baada ya miaka karibu mia, akiwa amelisikia. Cha kwanza ni ushahidi wa mateso na wa msaada. Cha pili ni ushahidi wa jinsi mji ulivyoyakumbuka mateso hayo. Nadhiri tunaipata katika kumbukumbu ya mji, na kisima tunakiona kwa macho. Vyote vina thamani, ila si thamani ya namna moja. Kinachovutia kwetu watu wa pwani ni kwamba alichokifanya Bagley tunakijua kwa jina lake: sadaka yenye kuendelea, sadakatul jaria, ambayo thawabu zake humfuata mtu hata akiwa kaburini. Kuchimba kisima ni miongoni mwa mifano yake inayotajwa kila mara misikitini. Bagley hakuwa Mwislamu, wala hatujui kama aliwahi kulisikia neno hilo. Pengine hakuhitaji. Kule alikopita alijifunza thamani ya kisima kwa namna ambayo khatibu hawezi kuifundisha.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, pazuri tu. Lakini mwaka ule ambao Commerce ilivunjika, alikuwako mtoto mchanga huko Oman aitwaye Said bin Sultan. Alipokua ndiye aliyekuja kuwa Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Na watu wa Salem, mji ule ule wa Saunders, wakaja kuwa wateja wake wakubwa. Kuanzia miaka ya 1820 meli za Salem zilikuwa zikitia nanga Unguja kununua pembe, sandarusi, ngozi na baadaye karafuu, zikileta nguo za pamba ngumu zisizotiwa rangi. Bibi zetu waliziita merikani, na neno hilo limebaki hadi leo, ingawa wengi wanaolitumia hawajui kwamba wanalitaja jina la nchi.

Mwaka 1832 Rais Andrew Jackson alimtuma mjumbe, Edmund Roberts, kufanya mkataba na Sayyid Said. Mkataba ukatiwa sahihi Maskati tarehe 21 Septemba 1833, kwa Kiarabu na Kiingereza. Vifungu vingi ni vya biashara na ushuru, mambo ya kawaida. Kifungu cha tano ndicho kinachotuhusu leo. Kinasema kwamba meli ya Marekani ikivunjika popote katika milki ya Sayyid, watakaookoka watunzwe na kukirimiwa kwa gharama ya Sayyid mwenyewe mpaka wapate njia ya kurudi kwao, na mali itakayookolewa irudishwe kwa wenyewe.

Roberts alitaka nchi yake ilipe gharama hizo. Sayyid alikataa. Alisema kulipwa kwa ajili ya kumsaidia mtu aliyefikwa na shida ni kinyume cha desturi ya Waarabu ya ukarimu, na kukataa kwake kukaandikwa ndani ya kifungu chenyewe, kwamba Sayyid hawezi kamwe kupokea malipo kwa kuwaokoa waliotaabika. Jamani, mikataba ya biashara huandikwa na watu wenye vinywa vikavu. Ni mara chache kukuta ndani yake kitu kinachofanana na methali yetu: tenda wema nenda zako, usingoje shukrani.

Mtazame tena bedui sasa. Kilichoandikwa katika kifungu cha tano ni ile sheria ya hema la jangwani, imetolewa kinywani mwa mchunga ngamia na kuwekwa katika karatasi ya dola. Sayyid hakuitoa katika vitabu vya Ulaya. Ulaya ilikuwa na paka wake.

Mwaka 1835 kifungu kikapimwa. Roberts alikuwa akirudi Maskati na mkataba ulioidhinishwa, ndani ya manowari ya Marekani iitwayo Peacock. Walipita Zanzibar, wakaondoka mwanzoni mwa Septemba. Usiku wa tarehe 21 Septemba, siku ile ile mkataba ulipotimiza miaka miwili, Peacock ikapanda mwamba karibu na kisiwa cha Masira, katika pwani ile ile ya jangwa. Ikabidi mizinga 11 itoswe baharini ili meli iwe nyepesi. Vyombo vya wenyeji vikawa vinazunguka kungoja riziki. Roberts akapanda mashua ndogo na watu wachache, akaenda Maskati kuomba msaada.

Sayyid akatuma manowari yake na vyakula mara moja. Peacock ilikuwa imekwisha kujinasua, lakini ahadi ilikuwa imetimizwa. Baadaye hata mizinga ile iliokolewa baharini ikarudishwa, bila malipo. Na mwaka 1840 meli ya Sayyid, Sultana, ikiongozwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman, ilifika New York tarehe 30 Aprili ikiwa imechakaa kwa safari ndefu. Serikali ya Marekani iliitengeneza katika karakana yake ya kijeshi bila kudai hata senti. Wema hauozi.

Tungetaka kufunga kitabu hapo, tupigiane makofi. Lakini mtu anayeandika kutoka upande huu wa Vanga hawezi, akiwa mkweli.

Sayyid yule yule aliyekataa malipo kwa kumnywesha baharia alikuwa mtawala wa dola iliyoishi kwa biashara ya watumwa. Mkataba wa 1822 na Waingereza ulimkataza kuwauza kwa Wakristo tu. Biashara ndani ya milki yake iliendelea. Ilipopigwa marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari mwaka 1873, baada ya yeye kufa, wafanyabiashara walihamia nchi kavu. Misafara ikatoka Kilwa, ikapita Pangani na Tanga, ikaja Vanga na kuendelea kaskazini, mpaka ilipokatazwa nayo mwaka 1876. Yaani pwani yetu hii, ambayo nimesema kwamba aliyetupwa na maji hatakufa kwa kiu, ilipitiwa na watu walioendeshwa kwa miguu kwa mamia ya maili, wakiwa na kiu na minyororo, na waliochoka wakiachwa njiani. Hawakuwa na kifungu cha tano. Hawakuitwa wageni wala manusura. Mbele yao kulikuwa na visima, na bado hawakunywa mpaka aliyewashika apende.

Hapa ndipo kisa cha baharia wa 1792 kinapoacha kuwa hadithi ya ajabu ya mbali na kuwa mizani. Ukarimu wa jangwani ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa na mpaka: ulimfikia yule tu aliyetambuliwa kuwa mgeni. Baharia wa Boston, hata akiwa uchi, alikuwa na bendera nyuma yake na baadaye na mkataba. Mtu wa Nyasa au Uyao aliyepitishwa hapa kwetu hakuwa na mtu wa kumwandikia. Saunders aliandika kitabu na Bagley akaandikiwa shairi. Wale waliopita Vanga, wengi wao hatuna hata majina.

Na mizani hiyo haijawekwa kabatini. Siku hizi neno manusura tunalisoma kila mara katika habari za boti zinazozama zikiwa zimebeba wahamiaji, katika bahari ya Yemeni na ile ya kati ya Libya na Ulaya. Wengi wao huwa wamevuka jangwa kwanza, ndipo wakafika bahari: safari ya Bagley iliyogeuzwa. Swali la kifungu cha tano linarudi lile lile: aliyetupwa ufukweni ni mgeni au ni mzigo, na gharama ya maji yake alipe nani? Sayyid, katika siku moja ya maisha yake yenye mema na mabaya, alijibu kwamba swali la malipo halipaswi hata kuulizwa.

Kwa upande wa lugha, nina pendekezo dogo. Waandishi wa kamusi wanapofafanua bedui, maana ya mnyang'anyi isiachwe pekee yake. Ile ya asili, mkaaji wa jangwani mwenye kuhama na mifugo, iwekwe mbele, na walimu waieleze darasani. Neno manusura nalo tulipe uzito wake wote, tusilifungie pale maji yanapoishia. Aliyeokoka baharini bado hajanusurika mpaka apate mtu wa kumpa maji. Haya wenzetu wa Kinango na Samburu, wanaotembea na madumu kila kiangazi kirefu, wanayajua bila kufundishwa. Kwa Kidigo maji ni madzi, na mgeni akifika, hayo ndiyo ya kwanza kutolewa, kabla hajaulizwa jina wala atokako.